Upatanisho si kunyamaza: nani hasa ameambiwa aende kwanza?

Wakenya tumelisikia neno maridhiano hadi masikio yamechoka. Tulilisikia tarehe 9 Machi 2018, Uhuru Kenyatta na Raila Odinga waliposhikana mikono mbele ya Jumba la Harambee. Tukalisikia tena 2023, ujumbe wa serikali na wa upinzani ulipokutana kwa mazungumzo katika ukumbi wa Bomas, Nairobi. Kila mara wapo viongozi wa kanisa wanaosogezewa kipaza sauti, wakiwaomba wananchi wasamehe na kusonga mbele. Na kila mara, huku Lamu na Malindi, yupo mtu anayeuliza: nisamehe nini, na aliyenikosea hajafungua hata mdomo?

Wanaouliza hivyo wengi wao ni Wakristo wenyewe, watu wa Mpeketoni, Witu, Gede na Watamu, wanaokwenda ibadani kila Jumapili. Baadhi yao wamefika mahali pa kuamini kwamba dini yao inawataka wakanyagwe na washukuru. Wengine wameamua kuwa amani ni kazi ya wanasiasa na mashirika ya misaada, na kazi ya kanisa ni kuokoa roho, basi. Mimi naona makundi yote mawili yameshikwa na tatizo moja: mambo manne tofauti yamefungwa katika furushi moja, na mtu akiambiwa ayabebe yote kwa pamoja, hushindwa.

Tuyatenganishe. Kusamehe ni uamuzi wa aliyekosewa kwamba hatalipiza kisasi na hataendelea kuishi kwa ajili ya uchungu wake. Anaweza kuufanya peke yake chumbani, hata kama aliyemkosea amekufa au hajulikani. Upatanisho unataka watu wawili, aliyekosa na aliyekosewa, wakubaliane juu ya kilichotokea, kilichoharibiwa kitengenezwe, na uhusiano urudi. Usuluhishi ni kazi ya mtu wa tatu anayeketi katikati yao: mzee wa mtaa, chifu, padri, imamu, kadhi. Amani ni hali inayokuja baadaye, hayo mengine yakienda sawa. Kwa hiyo mtu anaweza kusamehe bila kupatana, lakini hawezi kupatana na mtu ambaye hajafika. Ukilishika hilo tu, nusu ya mkanganyiko umeumaliza.

Sasa, imani ya Kikristo inasema nini juu ya haya yote? Wengi watakimbilia Mathayo 5:9, "Heri wapatanishi, maana hao wataitwa wana wa Mungu." Ni kweli, hapo ndipo pa kuanzia. Yesu anawapa heri wale wanaoifanya kazi hiyo, na kazi huwa na jasho. Lakini namna ya kuifanya ameieleza mistari michache mbele, katika Mathayo 5:23 na 24, na aya hiyo naona husomwa kinyume karibu kila mahali.

Hebu fikiria mahubiri yake jinsi yanavyokwenda kwa kawaida. Mhubiri anawageukia wenye vinyongo: "Kama moyoni una mtu hujamsamehe, usilete sadaka yako!" Waliokosewa wanainamisha vichwa. Soma tena, taratibu: "Basi ukileta sadaka yako madhabahuni, na huku ukikumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende zako, upatane kwanza na ndugu yako." Mwenye neno ni ndugu yako. Anayelalamikiwa ni wewe. Yesu anamtoa ibadani mtu anayedaiwa kukosa, anamwambia aache alichokuja kukifanya, aende yeye kwa mwenye kilio. Mwenye kilio ameachwa nyumbani kwake, angojee kuendewa.

Na safari yenyewe haikuwa ya hatua mbili. Waliomsikiliza walikuwa Galilaya, madhabahu ilikuwa Yerusalemu. Kati ya hapo na hapo ni kama kilomita 120, sawa na kutembea kwa miguu kutoka Malindi hadi Mombasa. Mtu ameshafika baada ya siku kadhaa njiani, mnyama wake wa sadaka yuko mkononi, anaambiwa amwache, arudi kijijini akapatane, kisha afunge safari upya. Kwa wale wasikilizaji lilikuwa jambo la kushtua. Mungu yuko tayari kungojea sadaka yake siku zote hizo, ila mtu aliyeumizwa asingojeshwe.

Aliyekosewa naye amepewa njia. Mathayo 18:15 inamwambia aende kwa aliyemkosa amwonye, wakiwa wawili peke yao. Asiposikilizwa achukue mtu mmoja au wawili. Ikishindikana jambo lifike mbele ya kanisa. Angalia kwamba ameambiwa aonye, yaani aliseme kosa kwa jina lake. Hakuna mahali anapoambiwa ajifanye halikutokea. Aya hizi mbili zikifuatwa na kila upande, watu hawa watakutana njiani, mmoja akienda kuonya na mwingine akija kukiri.

Kinachofuata baada ya kukutana ndicho kigumu, na mafundi wa Matondoni, pale kisiwani Lamu, wanakijua kwa mikono yao. Chombo kikivuja hakipakwi rangi. Kinapwelezwa kwanza, yaani kinapandishwa nchi kavu. Fundi anakigonga ubao baada ya ubao akisikiliza sauti yake, anaitoa pamba iliyooza kwenye maungio, ubao ulioliwa anaung'oa na kuweka mwingine, kisha ndipo anakalafati upya, yaani anaziba maungio kwa pamba mpya. Rangi huja mwisho kabisa, na kazi yake ni ndogo. Maridhiano mengi tunayoonyeshwa kwenye televisheni ni rangi iliyopakwa juu ya ubao ulioliwa, na chombo kinarudishwa majini jioni ile ile kikiwa na abiria.

Katika Injili, mtu aliyeung'oa ubao ni Zakayo. Alikuwa mkubwa wa watoza ushuru huko Yeriko, na watu walimjua kwa kuwapunja. Luka 19 inasema aliposimama mbele ya Yesu alitaja hesabu: nusu ya mali yake kwa maskini, na yeyote aliyemnyang'anya kwa hila atarudishiwa mara nne. Hakusema "kama kuna niliyemkwaza, anisamehe," maneno ambayo tumeyazoea kwa viongozi wetu. Yesu alisema wokovu umefika nyumbani mle baada ya Zakayo kuitaja hesabu ile. Toba yake ilikuwa na kiasi, na ilikuwa na anwani za watu.

Tuilete Mathayo 5:23 mahali inapouma

Usiku wa tarehe 15 Juni 2014, watu wakitazama mechi ya Kombe la Dunia, wenye silaha waliingia Mpeketoni. Katika siku mbili watu zaidi ya 60 waliuawa huko na vijiji vya karibu, na Julai mauaji yakafika Hindi na Gamba. Al-Shabaab walisema ni wao. Serikali ikanyoosha kidole kwa mitandao ya kisiasa ya huku huku. Vyovyote iwavyo, mauaji yale hayana udhuru, na sitaki mtu yeyote asome mistari inayofuata akadhani natafuta udhuru.

Lakini chuki haiuziki pasipo na mnunuzi, na Lamu soko lake ni ardhi. Miaka ya 1960 vita vya Shifta, vya serikali na wapiganaji wa Kisomali waliotaka kujitenga na Kenya, viliwang'oa Wabajuni wengi, Waswahili wa pwani hii ya Lamu, katika vijiji vyao vya nchi kavu, wakakimbilia visiwani. Miaka ya 1970 serikali ikafungua mpango wa makazi wa Lake Kenyatta, na familia kutoka bara, nyingi zikiwa za Wakikuyu waliokosa ardhi kwao, zikagawiwa mashamba. Wengi wa waliokuja ni Wakristo. Wengi wa waliokimbia ni Waislamu. Basi ugomvi wa shamba na hatimiliki ukavaa kanzu upande mmoja na msalaba upande wa pili, na mtu wa mbali akiutazama anadhani ni vita vya dini. Wakati huo huo, Julai 2014, Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alitangaza kufutwa kwa hati za ekari zipatazo 500,000 za Lamu ambazo kampuni 22 zilikuwa zimegawiwa kinyume cha utaratibu. Mkulima wa Mpeketoni na mvuvi wa Kizingitini, kisiwani Pate, walikuwa wakitazamana kwa jicho baya, na ardhi inayozidi mashamba yao mara nyingi sana ilikuwa imekwenda kwa watu ambao hawawajui hata kwa sura.

Sasa Mkristo wa Mpeketoni afanye nini na Mathayo 5:23? Yeye hakumnyang'anya mtu. Alipewa kipande na serikali, akafyeka msitu, akapanda pamba na mikorosho, akazika wazazi wake pale. Akiambiwa kuna jirani ana neno juu yake, anaona ni kama amehukumiwa mwizi. Ila aya haisemi "kama una hatia." Inasema kama ndugu yako ana neno. Huenda neno hilo lina haki, huenda halina, huenda nusu yake ni haki na nusu ni uvumi. Haliwezi kujulikana mpaka lisikilizwe, na kulisikiliza hakumpokonyi mtu shamba. Mambo ya nani anastahili nini yana mahali pake: kifungu cha 67 cha Katiba ya 2010 kimeipa Tume ya Kitaifa ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria za ardhi. Anachoombwa Mkristo ni kidogo kuliko hicho, na kwangu naona ni kigumu zaidi. Aende akaketi barazani kwa Mbajuni aliyezaliwa katika kijiji ambacho leo hakipo, amwache aseme hadi amalize.

Na huyo Mbajuni naye asikie jina la kila mtu aliyechinjwa usiku ule. Hakuna neno la ardhi linalopunguza hata chembe ya kifo cha mtu aliyekuwa akitazama mpira.

Kanisa lenyewe, kama kanisa, lina watu wenye neno juu yake pwani hii tangu zamani. Nguzo ya Vasco da Gama pale Malindi ina msalaba juu yake, na matanga ya merikebu za Wareno yalikuwa na msalaba pia. Mwaka 1542 padri Francis Xavier alipita Malindi akielekea India, akazungumza na Waislamu wa mji juu ya watu kupunguza kuhudhuria sala, wasiwasi ambao sheikh na padri wa leo bado wanao wote wawili. Huo ni ukurasa mzuri. Lakini mwaka 1589 Wareno walimkata kichwa mtawala wa Lamu. Mgiriama anayesali leo katika kanisa la Malindi hakuwatuma Wareno hao, na babu zake waliteswa na wakoloni waliofuata: baada ya upinzani wa 1914, ule wa Mekatilili wa Menza, Waingereza waliwafukuza Wagiriama kutoka kaskazini ya mto Sabaki. Hata hivyo akiona mzee wa Lamu anasitasita kuitikia mwaliko wa askofu, asifikiri ni chuki. Kumbukumbu za watu zina miaka mingi kuliko hati zao.

Ndiyo sababu naithamini kazi ya polepole inayofanywa na baraza la viongozi wa dini mbalimbali wa Pwani, CICC, ambamo mapadri, wachungaji na masheikh wanaketi pamoja hata wakati ambapo hakuna aliyekufa. Willybard Lagho, aliyewekwa wakfu kuwa askofu Mkatoliki wa Malindi mwaka 2021, alishakuwa kwenye uongozi wa baraza hilo kabla ya kupewa dayosisi. Na dayosisi yenyewe, tangu ilipoanzishwa 2000, inashika Lamu na Tana River pia, kule ambako Wapokomo na Waorma walipigania maji na malisho mwaka 2012 na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha.

Yanayosemwa na yaliyoandikwa

"Mkristo akipigwa kofi ageuze shavu la pili, kwa hiyo asishtaki." Mathayo 5:39 inakataza kurudisha pigo kwa pigo. Kusema haikukatazwa. Yesu mwenyewe alipigwa kofi akiwa mbele ya kuhani mkuu, na Yohana 18:23 inatuambia alimuuliza aliyempiga: "Kama nimesema vibaya, ushuhudie ule ubaya, bali kama ni vema, wanipigia nini?" Hakumrudishia kofi, na hakunyamaza. Aliomba ushahidi, kama mtu anavyouomba mahakamani.

"Upatanisho ni kumalizana nyumbani." Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wanaoumizwa na uongo huu ni watoto. Msichana amenajisiwa. Wazee wa pande mbili wanakutana, fedha zinatolewa au mbuzi anachinjwa, na mara nyingine mtumishi wa Mungu anaalikwa afunge kwa maombi. Wanaita amani. Mtoto hakuulizwa. Aliyemuumiza anaendelea kupita njia ile ile anayopita kwenda shule. Ukristo hauna jina la upatanisho kwa jambo kama hilo, maana aliyekosewa hata hakuwepo kwenye mapatano. Na sheria ya nchi haina jina hilo pia. Kifungu cha 159 cha Katiba kinazitaka mahakama ziendeleze maridhiano na njia za jadi za kutatua migogoro, lakini kifungu hicho hicho kinakataza njia hizo zikivunja haki za binadamu au zikienda kinyume cha haki na maadili. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, kifungu cha 176, inamruhusu hakimu kuwahimiza watu wapatane katika mambo kama shambulio dogo la mtu na mtu. Unajisi wa mtoto haumo humo. Uko chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, na ni jinai nzito. Mchungaji anayeambiwa aombee mapatano ya namna hiyo wajibu wake ni kumpeleka mtoto hospitali na kituo cha polisi. Nabii Yeremia aliwakemea vikali makuhani waliokuwa wakisema "Amani, Amani" juu ya jeraha ambalo hawakulitibu.

Hali ni hiyo hiyo kwa mke anayepigwa na kuambiwa arudi akaubebe msalaba wake. Na kwa wazee wa Kilifi wanaosingiziwa uchawi, mara nyingi na jamaa zao wenyewe wenye macho kwenye shamba, hadi wengine wakalazimika kukimbilia hifadhi ya Kaya Godoma kule Ganze. Usalama wa mnyonge unatangulia. Meza ya mazungumzo hufuata baadaye, na pengine isifuate. Na wahubiri wanaowanyooshea vikongwe vidole mbele ya umati wakisema "huyu ndiye anayekuroga" wanapanda vita katika nyumba za watu, hata kama Biblia iko mkononi.

"Yesu alisema hakuleta amani bali upanga." Alisema, Mathayo 10:34, akiwaonya wanafunzi kwamba watu wa nyumbani mwao watawageuka kwa ajili ya imani. Petro alipochomoa upanga wa chuma bustanini aliamriwa aurudishe mahali pake.

"Kupatana na Waislamu ni kuchanganya dini." Hapana. Mkristo hapunguzi imani yake kwa kumsikiliza Mwislamu, na Mwislamu naye ana amri yake. Aya ya 10 ya Sura Al-Hujurat inawaagiza waumini kupatanisha baina ya ndugu, na kila mtu wa Lamu anajua suluhu ni nini. Wapo waliokwenda mbali kuliko kuketi pamoja. Desemba 2015, karibu na El Wak huko Mandera, washambuliaji walilisimamisha basi wakitaka Wakristo watengwe. Abiria Waislamu walikataa kuwatoa wenzao. Mmoja wao, mwalimu Salah Farah, alipigwa risasi na akafariki Januari 2016. Nikisoma "Heri wapatanishi" huwa nawaona watu wa basi lile, na sioni mahali popote katika aya panaponizuia.

Limebaki swali ambalo wengi huliuliza kwa sauti ya chini: na kama mwenzangu hataki? Paulo amelijibu katika Warumi 12:18: "Kama yamkini, kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote." Kuna masharti mawili humo. Huenda isiwezekane. Na unaulizwa upande wako tu. Upande wako ni salamu usiyoikata, duka la jirani usilolisusia, mtoto usiyemkataza kucheza na watoto wa mwenzako, na ushahidi wa kweli kama kesi iko mahakamani. Upande wake atauliziwa yeye.

Sharti hilo la "kama yamkini" linawahusu hasa waliofiwa 2014 na katika mashambulizi yaliyofuata Lamu. Waliowaua wapendwa wao hawajarudi kusema lolote. Kwa hiyo hawana wa kupatana naye, na hawana deni la upatanisho kwa Mungu wala kwa mtu. Kusamehe wanaweza, kwa wakati wao, na hakuna mchungaji mwenye haki ya kuwaharakisha wala kuwaambia imani yao imepunguka. Walichonacho ni jirani Mwislamu ambaye hakuua mtu, na ambaye huenda tangu siku zile anaona haya kuja kuwapa pole asije akatazamwa kama muuaji. Kati ya hao wawili kazi inaweza kuanza juma hili, bila kungoja Nairobi na bila muuaji kupatikana. Inataka mchungaji na imamu wa mahali pale wakubaliane siku, waende pamoja nyumba kwa nyumba, wakianza na zile ambazo hazijatembelewa tangu matanga yalipoanuliwa.